Jicho la Kushoto, Saa Tisa

Jumatatu, 6 Aprili 1964
Imerudi. Ni mwaka wa tatu sasa, na kila mwaka inangoja mvua za masika zianze. Risper, mwenzangu wa swichibodi hapa Posta Kakamega, ameniambia niandike kila siku, tuone kama ni waya wa simu unaoniumiza. Basi nimechukua daftari la afisi na naandika. Saa tisa alasiri kisu kiliingia nyuma ya jicho la kushoto. Jicho likalia, pua ya upande huo huo ikachuruzika, kope ikashuka. Saa kumi na dakika chache kikatoka, nikabaki mzima kabisa. Nani ataamini habari ya namna hii?

Alhamisi, 9 Aprili
Saa tisa.

Jumatatu, 13 Aprili
Saa tisa kasoro dakika tano. Ngurumo pia zilianza wakati huo huo, na ngurumo zikikaribia tunatakiwa kuvua visikilizi vya kichwani radi isije ikatupitia masikioni. Mimi nilivua changu kwa sababu yangu mwenyewe. Nilimwachia Risper ubao mzima wa simu, nikakimbilia chumba cha magunia ya barua nikasukuma kichwa kwenye magunia. Siwezi kulala wala kukaa. Natembea, natembea, nagonga paji la uso kwenye mlango. Barua za mkoa mzima zimenisikia nikilia.

Postamasta, Bwana Cleophas Sifuna, alinikuta huko. Huyu ni mtu wa Bungoma aliyepanda cheo Desemba, yule Mzungu aliyemtangulia alipofunga mizigo. Alinitazama jicho, akanusa hewa.

"Mildred, umekunywa?"

"Mimi mtoto wa kanisa la Friends, bwana. Pombe kwetu haipiti mlangoni."

"Basi hiyo jicho imefanya nini?"

Nikamwambia akiuliza jicho lenyewe litamjibu. Hakucheka. Alisema mimi ndiye msichana wa kwanza Mwafrika kukalia ubao ule, watu wanangoja nianguke, na opereta anayeacha kiti chake kila siku saa ile ile hana kiti. Nimemchukia tangu dakika hiyo. Nimekichukia zaidi kichwa changu, kwa kumpa maneno.

Nataka liandikwe hapa: kiti kile sikitoi. Nilifanya mtihani wa sauti, wa Kizungu na wa kasi ya mikono, nikawashinda wanaume kumi na mmoja.

Ijumaa, 17 Aprili
Nimehamisha kisikilizi sikio la kulia tangu Jumanne. Maumivu hayakuhama. Waya hauna hatia.

Jumamosi, 18 Aprili
Nimeng'olewa jino. Mng'oaji alisema jino la juu likioza linapeleka maumivu jichoni. Jino alilonionyesha lilikuwa jeupe, zima, na mizizi yake mitatu. Saa tisa kisu kilikuja kama kawaida, kikanikuta na pamba mdomoni.

Jumatatu, 27 Aprili
Saa tisa. Risper ameanza kunishikia ubao bila kuambiwa. Ana mikono miwili na sijui anaitumiaje kama minne.

Jumamosi, 2 Mei
Niandike taratibu, maana leo nimekasirika hata wino unamwagika.

Senge Beldina alinitumia ujumbe niende nyumbani Shinyalu bila kukosa. Senge ni dada ya baba, na kwetu senge akiita hakuna anayejibu kwamba ana kazi. Nikafika saa nne asubuhi, nikakuta uwanja umefagiwa, ingokho wawili, kuku wa wageni, wamechinjwa, na chungu cha busaa, pombe yetu ya nafaka, kiko nyuma ya nyumba ambako mzee wa kanisa hawezi kukiona. Senge yumo kanisani nusu, nusu nyingine iko nje.

"Keti, mwanangu," akasema. "Hii kitu yako nimeijua. Mama yangu Navalayo alikuwanga na jicho moja inalia. Amekufa hajapata mtoto wa kuitwa jina lake. Sasa anakugonga hapo kwa jicho, anasema, mbona mnanisahau?"

Mtoto mchanga akilia bila kukoma kwetu huitiwa majina ya waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na jina analonyamazia ndilo lake. Hilo nalijua. Lakini mimi nina miaka ishirini na tatu.

"Senge, mimi si mtoto wa kunyonya."

"Kwani unalia kidogo?"

Nikakubali, kwa sababu nilichoka, na kwa sababu nampenda. Waliniketisha kwenye kigoda, wakaniita Navalayo mara nne, wakaninyunyizia busaa miguuni, kisha Senge akanipa kibuyu. Nikasema sinywi. Akasema jina halikai kwenye koo kavu. Nikanywa. Ilikuwa chachu na ya moto, nikamaliza kibuyu kizima ili mambo yaishe nirudi mjini.

Haikupita nusu saa. Ilikuwa saa tano na robo asubuhi, jua linawaka, saa tisa iko mbali kabisa, na kisu kikaingia. Kilikuwa kikali kuliko siku zote. Nikaanguka kutoka kwenye kigoda, nikaamka, nikakimbia kuzunguka nyumba nikijipiga kichwa kwa ngumi. Na jamaa zangu walifanya nini? Walipiga vigelegele! "Amefika! Navalayo amefika!" Mjomba alichukua ngoma. Shangazi zangu wakacheza wakinifuata nyuma nilivyozunguka, wakadhani nacheza nao. Nililia kwa uchungu na wao walilia kwa furaha, na katika uwanja ule mzima hapakuwa na mtu aliyejua tofauti.

Kilipotoka niliwatukana wote. Sitaandika nilivyosema. Niliondoka bila kula.

Na saa tisa, nikiwa njiani, kikaja tena. Mara mbili kwa siku moja.

Jumapili, 3 Mei
Sikwenda ibadani. Nimewaza jambo moja tu: kwa nini jana kilikuja saa tano? Kwa siku ishirini na saba hakijawahi kukosea saa yake. Kitu pekee kipya kilichoingia mwilini mwangu ni kibuyu kile. Naandika hapa kwa herufi kubwa: BUSAA. Bwana Sifuna alidhani ni pombe iliyonipa jicho jekundu, nami sikuwa nimekunywa. Kumbe nikinywa ndiyo inanipa kweli.

Jumatano, 6 Mei
Leo nimemwona daktari mpya, Daktari Kibiwott, kijana wa Nandi aliyetoka Makerere mwaka jana. Foleni ilifika barabarani. Aliniuliza maswali matatu bila kuinua macho: umeolewa, unalala vizuri, kazini mnagombana? Nikamwambia kinanijia kila siku saa tisa, lakini kabla sijafika kwenye jicho na busaa akawa tayari anaita mtu mwingine. Amenipa aspirini na vidonge vya kutuliza mawazo. Mawazo yangu yametulia sana, asante. Ni jicho ambalo halijatulia.

Jumatatu, 11 Mei
Saa tisa. Vidonge vinanilaza usingizi asubuhi na kuniacha macho saa tisa. Nimevitupa chooni.

Bwana Sifuna amesema nina mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo ataomba opereta mwingine kutoka Kisumu.

Jumanne, 12 Mei
Naandika yote.

Saa nne asubuhi taa ya hospitali iliwaka ubaoni. Alikuwa Daktari Kibiwott mwenyewe, anataka simu ya mbali, Nairobi, kwa bingwa mmoja wa magonjwa ya kichwa na mishipa. Nikamwunganisha. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na laini ya Nairobi ikilowa inafifia, basi ni kazi yangu kuingia kidogo kidogo kusikiliza kama bado wanasikiana. Kusikiliza laini kunaruhusiwa. Kusikiliza maneno hakuruhusiwi, wala opereta hasemi neno ila kutaja dakika. Niliapa hivyo siku ya kwanza.

Walizungumza kwa Kizungu juu ya mtoto mwenye degedege. Nilisikia, nikatoka. Niliporudi kuangalia laini daktari alikuwa anasema: "Na kuna msichana mmoja, opereta wa simu. Anadai kichwa kinamuuma kila siku saa tisa kamili. Nadhani ni mambo ya moyo tu. Wasichana hawa kazi mpya zinawalemea."

Nikashika plagi nichomoe. Nilikuwa nimechoka kusemwa na sikutaka kusikia zaidi. Ndipo yule mzee wa Nairobi akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika:

"Saa ile ile kila siku? Ni jicho lipi linalotoa machozi?"

Nikasikia daktari akipekua karatasi. Laini ikakwaruza. "Sikumbuki," akasema. "Sikutazama."

"La kushoto, bwana," nikasema.

Risper aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nani huyo?" akauliza daktari.

"Ndiye huyo msichana, daktari. Jicho la kushoto. Na pua ya kushoto. Na kope inashuka."

Nilingoja anifokee. Lakini yule mzee hakumpa nafasi. Alisema, "Vizuri. Usiondoke kwenye laini, binti. Kikianza unalala au unatembea?" Nikamwambia natembea, napiga kichwa mlangoni. "Kinachukua muda gani?" Saa moja na dakika kumi. "Kinakuja mwaka mzima?" Hapana, wiki nane au tisa, kisha kinapotea mpaka mwaka mwingine. "Pombe?" Nikamweleza kibuyu na saa tano na robo na vigelegele. Akacheka, lakini si kwa kunidharau. Akasema, "Daktari, maelezo kama hayo sijayapata hata kwa mawakili."

Kisha akamwambia daktari jina la ugonjwa. Ni refu, la Kilatini, sitaliandika. Wamarekani wanayaita maumivu ya kishada, kwa sababu yanakuja mengi pamoja kwa majira, kisha yanakatika. Si meno, si waya, si wasiwasi. Alisema kuna watu waliojiua kwa sababu ya maumivu haya kabla ya kujua kwamba yana jina. Akaagiza vitu viwili: hewa safi ya oksijeni kwa barakoa kikianza, na vidonge vya egotamini kabla ya saa yake. Egotamini ataituma kwa posta.

Dakika kumi na nne. Taa mbili za wateja ziliwaka muda wote huo na Risper alipata moja tu. Ya pili ilikuwa ya mkubwa fulani ambaye hajazoea kungoja. Saa tano alishafika kwa Bwana Sifuna. Saa tano na nusu nilikuwa mbele ya meza yake.

"Ulisema kwenye laini ya mteja?"

"Nilisema."

"Unajua adhabu?"

"Najua. Na najua jina la ugonjwa wangu pia. Asubuhi nilijua moja tu."

Ameandika ripoti Kisumu. Mkaguzi atakuja.

Saa tisa kilikuja. Nimelia lakini nilikitukana kwa jina lake.

Ijumaa, 15 Mei
Daktari Kibiwott aliniita hospitali saa nane na nusu. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akanitazama usoni. Alitaka kuona kwa macho yake.

Saa tisa na dakika mbili aliona. Nikainuka nianze kutembea, akanishika bega kwa nguvu, akanikalisha, akanivika barakoa ya mpira. Mtungi ule mweusi wenye shingo nyeupe ni mrefu kunizidi. Akafungua. "Vuta," akasema. "Vuta tena." Nilitaka kumpiga. Nikavuta. Dakika ya nne kisu kilikuwa palepale. Dakika ya saba kikapungua, nikadhani najidanganya. Dakika ya kumi na moja kikatoka. Hakikutoka chenyewe kwa hiari yake baada ya saa nzima. Kilitolewa.

Nikaanza kucheka ndani ya barakoa, mpira ukajaa ukungu. Daktari alitoa leso akaniangushia mapajani.

"Nisamehe, Mildred," akasema. "Nilikuangalia faili tu."

"Utaangalia wengine?"

"Nitaangalia."

Nimemsamehe kidogo. Lililobaki nitampa akiendelea vizuri.

Jumapili, 17 Mei
Nimekwenda Shinyalu kuomba radhi kwa Senge. Nikamuuliza juu ya bibi Navalayo, sasa kwa utulivu. Jicho lipi? La kushoto. Lini? "Kila mwaka mahindi ikifika magotini. Tulikuwa tunamuona anakimbia mtoni, anaweka kichwa kwa maji. Ikikauka mvua, anakuwa mzima, anaimba."

Siku ile niliwatukana, na Senge alikuwa karibu na ukweli kunizidi mimi na daktari na mng'oa meno. Alikosea kibuyu tu. Nikamwambia jina nalichukua na nitalitumia, ila busaa anywe yeye. "Hiyo si shida," akasema.

Nilifikiria bibi yangu na mto ule. Hakuna aliyemuuliza jicho lipi.

Jumatano, 20 Mei
Kifurushi kimefika kwenye gunia la Nairobi. Kilifunguliwa mbele yangu na Bwana Sifuna, kwa sheria. Alisoma karatasi yote ya dawa, akanipa.

Alhamisi, 21 Mei
Kidonge saa nane na nusu. Saa tisa kisu, kama kwamba sikumeza kitu.

Ijumaa, 22 Mei
Vilevile. Zaidi ya hayo, nilitapika. Risper amesema niache. Nimemwambia nitaacha nikifa, na bado sijafa.

Jumamosi, 23 Mei
Niliwaza hivi: simu ya mbali huombwa mapema ili ipatikane kwa saa inayotakiwa. Nimekuwa nikimeza kwa kuchelewa. Leo nimemeza saa saba na nusu.

Saa tisa. Saa tisa na robo. Saa tisa na nusu. Nilikaa nimeshika ukingo wa meza, naogopa hata kupumua. Saa kumi. Hakikuja.

Hakikuja! Naandika mara ya tatu kwa sababu ni haki yangu: hakikuja.

Jumapili, 24 Mei
Daktari amesema kila Jumapili nisimeze, dawa hii ikizidi inatia ganzi vidole, na pia tujue kama majira yamekwisha. Hayajaisha. Saa tisa kimelipiza kisasi.

Jumanne, 26 Mei
Saa saba na nusu nameza. Saa tisa nafanya kazi. Vidole vyangu ni baridi kidogo asubuhi lakini vinachomeka plagi vizuri.

Ijumaa, 29 Mei
Mkaguzi wa simu kutoka Kisumu alikaa kwenye kiti cha Bwana Sifuna, na Bwana Sifuna alisimama dirishani. Kikao kilianza saa nane na nusu. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, na sikujua niitazame ile au yule mtu.

Mkaguzi si mtu mbaya. Alisoma ripoti, akasoma barua ya daktari, akaweka karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikwishapigwa taipu: mimi, fulani, nilisema kwenye laini kwa kuwa maumivu yaliniondolea akili, naomba radhi. "Tia sahihi hapa," akasema, "narudi Kisumu, wewe unarudi ubaoni leo leo. Mgonjwa hahukumiwi."

Ya pili ilikuwa ya adhabu. Kutolewa ubaoni miezi saba, mpaka Januari, na kuwekwa dirisha la stempu.

Niombe kiti changu kwa kusema nilikuwa mwendawazimu. Ndicho nilichoambiwa. Na ninakitaka kiti kile, Mungu anajua.

"Bwana," nikasema, "ilikuwa saa nne asubuhi. Kichwa changu kilikuwa kizima kuliko cha mtu yeyote kwenye laini ile. Niliulizwa swali linalonihusu na mtu wa kulijibu alikuwa mimi peke yangu. Nilivunja sheria kwa akili zangu zote. Nikisema sikuwa na akili, kesho opereta yeyote mwanamke akisema ukweli mtamwambia ni kichwa."

"Dada, hii ni karatasi tu."

"Basi nipe ile nyingine, nayo ni karatasi tu."

Bwana Sifuna akageuka kutoka dirishani. Nilijua ataongeza kosa. Akaweka daftari la zamu mbele ya mkaguzi, akafungua kuanzia Aprili. "Kila siku ametoka na kurudi, ameandika dakika," akasema. "Simu iliyopotea katika siku hizo ni moja. Hiyo ya tarehe kumi na mbili Mei. Mimi ndiye niliyemripoti, na nitamripoti tena akirudia. Lakini wazimu hana. Nisiandikiwe hapa kwamba nilimweka mwendawazimu kwenye ubao wangu."

Mkaguzi alikuna kidevu. Nikatia sahihi karatasi ya pili. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini na tano, na macho yangu yote mawili yalikuwa makavu.

Nje, Risper alinikumbatia akalia. Nami nikalia, kwa hasira.

Jumanne, 2 Juni
Stempu. Watu wanalamba, wanabandika, wanaondoka. Ubao unanguruma nyuma ya ukuta na kila kengele inaniuma.

Jumapili, 7 Juni
Bila kidonge. Saa tisa kilibisha kidogo, dakika kumi, kikaondoka.

Jumapili, 14 Juni
Bila kidonge. Nilikaa nje na Senge tukichambua maharagwe. Tulisahau kuangalia saa. Jua lilikuwa linashuka nilipokumbuka.

Jumatatu, 15 Juni
Daktari Kibiwott amesema majira yamekwisha, na kwamba mwakani mvua zikija nacho kitakuja. Hakunificha, nami nimemshukuru kwa hilo. Alisema ana wagonjwa wengine wawili sasa, mmoja mkulima wa Lugari ambaye familia ilikuwa imemfunga kamba. Aliwatazama jicho.

Saa tisa, dirisha langu likiwa halina mtu, nilimwandikia bingwa wa Nairobi kuagiza vidonge vya mwakani. Viondoke huko Februari, nikamwambia, viwe mkononi mwangu kabla ya mvua. Nikabandika stempu mwenyewe. Bwana Sifuna alipita akachukua bahasha, akasoma anwani ya kurudishia niliyoandika nyuma: Mildred Navalayo, Opereta wa Simu, Posta, Kakamega.

"Wewe si opereta," akasema.

"Dawa ikifika nitakuwa."

Akaishika kidogo. Kisha akaigonga muhuri, akaitupa kwenye gunia la Nairobi.